Mkuyu Wenye Kamba

1.

TANGAZO

Ofisi ya Kijiji inawatangazia wananchi wote kuwa miti iliyo kwenye njia ya barabara mpya itaondolewa kuanzia Jumatatu. Ni marufuku kwa mtu yeyote kugusa alama za mradi. Atakayekiuka atachukuliwa hatua.

2.

Bombani, ndoo zikijaa:

— Yule injinia Mjapani kauinamia mkuyu wa Nakijwa.

— Kadondosha kitu?

— Kauinamia, nakwambia, kama anamsalimia mkwewe! Akapiga makofi. Akanyunyiza chumvi, akamwaga na pombe.

— Huyo hajaja kujenga barabara.

3.

Nakijwa aliyasikia yote hayo, ndoo kichwani. Mkuyu uko nyuma ya nyumba yake, akaenda kujionea. Kamba nene ya nyasi ilikuwa imezungushwa kwenye shina, inaning'iniza karatasi nyeupe zilizokunjwakunjwa. Moyo ukamlipuka. Miaka yote hakuna aliyeujali mti huu, leo mgeni kaufunga kamba kama mbuzi wa kuchinjwa! Na kwa nini wakataze watu kugusa, kama hawana lao jambo?

(Msomaji, usimcheke. Chini ya mkuyu huo, yeye na marehemu mama yake walimlaza mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa kimya. Hata majirani hawajui. Hana mahali pengine pa kumlilia.)

4.

Panga. Kamba. Jiko.

Moshi.

5.

Aliyoyasema Moriyama, injinia, siku anaifunga kamba ile. Aliyasema kwa lugha ya kwao, kwa hiyo hakuna aliyeyaelewa:

Wewe unayekaa humu, jina lako silijui. Kwetu, mti kama huu huwa na mwenyewe. Utuwie radhi kwa kelele. Nimefunga kamba ili watu wajue.

Barabara nimeipindisha.

6.

Jumatatu Nakijwa alitoka kifua mbele. Kamba hakuna, alama hakuna, mti umepona. Kanyika, dereva wa katapila, akashuka, akauzunguka mkuyu, akakuna kichwa.

"Mama, mti wa kamba uko wapi?"

"Kamba gani?"

"Mzee Moriyama kaniambia ng'oa yote, acha wenye kamba. Mimi kamba siioni."

Nakijwa akaushika mkuyu.

"Ni huu. Kamba niliichoma mimi."

"Uliichoma."

"Mpigie simu mzee wako!"

"Yuko kwenye ndege."

"Mwanangu amelala hapa chini."

Wanawake waliokuja kutazama wakasogea karibu. Kanyika akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka.

"Kila kijiji ndivyo hivyo, mama. Katapila likifika, makaburi yanaota. Halafu tunadaiwa fidia."

"Sitaki fidia."

"Nani mwingine anamjua huyo mtoto?"

Nakijwa akawageukia wenzake. Mama Elinami, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akatazama chini. Uchungu huu Nakijwa alijitakia mwenyewe. Akaenda akaketi kwenye mizizi, mgongo kwenye shina, akalitamka kwa sauti jina ambalo tangu mama yake afe hajamtajia mtu.

7.

Katapila linanguruma. Kanyika amepanda, mkono uko kwenye gia. Anamtazama yule mama midomoni, anajiuliza kama ni mwongo, au ni mama anayemwita mwanawe.