Ulijua au Hukujua

…na kalamu yenyewe wameifunga uzi mezani, wanaogopa tutaondoka nayo, haya, swali la tisa, aliyekuwa akiendesha alikuwa na leseni ambayo haijaisha muda, na chini yake kwa herufi ndogo kama sisimizi, je, mwenye gari alilijua hilo, ndiyo, hapana, tia alama, visanduku viwili tu, hawakuweka cha tatu cha kuandika ngoja kwanza nivute pumzi… binti wa bima anasema, "Taratibu tu, bibi, hatukimbizwi," huku kucha zake zinagonga meza, kucha ndefu namna ile, huyu masufuria ya kwao hayamjui, lakini si mtoto mbaya, ametuvutia viti viwili, kimoja changu, kimoja cha mdogo wangu, amekaa hapa ubavuni kwangu na kofia yake magotini, shingo ameinyoosha kama anapigwa picha, miaka sitini na tisa, arobaini kati ya hiyo kaimalizia kwenye usukani wa lori, mtaa mzima unamwita Dereva, hata marehemu mkewe alikuwa akimwita Dereva, jina alilopewa na baba nadhani tumebaki wawili tunaolikumbuka, na Jumamosi alichukua gari langu kwenda kujaza mtungi wa gesi kama kila Jumamosi, akarudi nyuma pale mbele ya duka, akapanda baraza, akamgonga fundi cherehani aliyekaa kwenye mashine yake, mguu wa kulia, ule ule wa kukanyagia, kifundo kimevunjika sehemu mbili, na fundi yuko chini kwenye vitambaa vya watu hakutukana, alisema tu, "Dereva, mbona hukuniona, mimi nakaa hapa mwaka wa kumi na moja?" Na kwenye karatasi zao wanamwita mtu wa tatu, fundi wa watu, yeye ndiye wa kwanza kuumia na hapa ni wa tatu… "Fundi atalipwa, bibi, hilo ondoa shaka," binti anasema tena, ameshalisema mara mbili, anadhani sisikii, "shida ni baada ya hapo. Kama ulijua leseni yake imeisha na ukampa gari, kampuni itageuka ikudai wewe. Kama hukujua, itamdai yeye." Analisema kwa sauti ya mtu anayeuliza chai iwe ya maziwa au ya rangi. Mimi nina nyumba ya vyumba vitatu na gari lenye bumpa iliyopinda, yeye ana kofia. Na mwanangu asubuhi kwenye simu, "Mama, sema ulikuwa unaendesha wewe, leseni yako si nzima?" Sema ni mimi! Fundi aliyelala chini ya gari hajui nani kashuka kutoka humo? Nimemsomesha mpaka chuo kikuu, akili anayonirudishia ndiyo hiyo.

Lakini kosa tulianza nalo zamani, kwetu ufunguo haukatazwi, unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, mwenye haja anapitisha mkono, "Dada, nachukua," nami niko kwenye sufuria zangu, "Chukua," basi, wameliendesha wote, mashemeji, wapwa, yule mkwe anayekata kona kama anamkimbia mwenye nyumba, na hakuna niliyemwambia hebu leseni nione, utaanzia wapi, kumwomba ndugu leseni ni kama kumpekua mifuko mlangoni, mama alituambia cha mmoja wenu ni cha wote, sawa, lakini mama alikuwa na jembe na sufuria mbili, hakuwahi kumiliki kitu ambacho ukikiazima kinarudi kimemvunja mtu mguu… "Dada," ananong'ona, ananukia sabuni, "tia hapana. Mimi sikukwambia kitu. Hukujua." Na ni kweli hakuniambia, mbele ya Mungu hakuniambia, ningeweza kutia hapana na kuapa juu yake, mwaka mzima na nusu hakunitamkia neno, karatasi ilijileta yenyewe, ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake kwenye beseni, imeshalowa, nikaifungua, mwandiko wa daktari lakini hilo moja lilisomeka, mtoto wa jicho, macho yote mawili, asiendeshe gari mpaka atibiwe, ndiyo maana hawakumpa leseni mpya, na mimi nikafanya nini, nikaianika, ilipokauka nikaipiga pasi, mimi, nikaipiga pasi karatasi ya daktari kwa moto mdogo na kuikunja palepale ilipokuwa imekunjwa na kuirudisha mfukoni, asijue nimeiona. Darasa la saba langu lilitosha kuisoma, halikutosha kuisema. Na baada ya hapo kila kitu nikakiona, kidole anavyokitia ndani ya kikombe akimimina chai, mpaka kiungue ndipo ajue kimejaa, ngazi anavyozihesabu chinichini, siku ile alilisalimia pipa la maji la jirani, "Habari za asubuhi, mzee," nikacheka, nikasema wewe Dereva una mizaha, naye akacheka, tukacheka wote wawili kama wajinga, pipa halikuitikia, na Jumamosi iliyofuata akapitisha mkono kwenye msumari. "Dada, nachukua." "Chukua."

"Bibi, kuna neno halieleweki nikusomee?" Hapana mwanangu, maneno yote naelewa, hiyo ndiyo taabu. Kwa nini nilisema chukua, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku pekee anayonyoa ndevu, siku sita anazunguka na shati lililofungwa vifungo vya kuhamahama, hana pa kwenda, Jumamosi ananyoa, anaingia garini, anafuta kioo kwa mkono wa shati, mgongo unanyooka, mgane wangu anakuwa tena mtu mwenye kazi yake mjini, na mimi nasimama dirishani na mwiko, najiambia njia ni fupi, njia hii anaweza kuiendesha amefumba macho, na kumbe ndivyo alivyokuwa akiiendesha. Nilijiona nina huruma. Mdomo huu, uliomwambia shemeji yangu mbele ya wageni kwamba maji ya kuoga hayaumi, ulishindwa na maneno mawili, huoni vizuri, hayo tu, nikamlipia kwa mguu wa mtu mwingine, mtu aliyenishonea gauni la msiba kwa siku moja… nikitia hapana atabebeshwa deni peke yake, hilo moja, na la pili halimo kwenye karatasi za binti huyu, nikitia hapana tutarudi nyumbani nikiwa bado sijaona kitu, yeye atamimina chai na kidole chake, mimi nitageukia ukutani, tutaendelea hivyo mpaka giza limfunge kabisa, amekaa gizani peke yake na dada yake yuko mita mbili anajifanya kipofu kuliko yeye. Na nikitia ndiyo atasikia. Si kampuni, yeye. Atajua nimeijua tangu kwenye beseni. "Hukujua, dada," anasema tena, anasisitiza, anadhani ananiokoa, na mkono wake unapita juu ya meza kuutafuta wangu, unagusa karatasi, unagusa ukingo, unapitiliza, na wangu upo hapa hapa mbele ya macho yake, binti ameona, ameacha kugonga kucha… naushika. Umelowa jasho. Visanduku bado vyeupe vyote viwili, kalamu iko juu yake, na binti anasubiri, lakini najua nitatia wapi, na nitalisoma kwa sauti nikilitia, alisikie, ndiyo, nilijua, atanuna, atakataa chakula changu wiki nzima, na anune, na kampuni inifuate nyumbani, njia wanaijua, kesho nitampeleka kwa daktari wa macho nimemshika mkono mbele ya mtaa mzima, aone aibu akitaka, nilimshika hivihivi siku yake ya kwanza ya shule, alilia njia nzima na kuniita mchawi, na nilimfikisha.