Wapangaji wa Tumboni

Mwendesha winchi alikuwa ameshushwa chini kwa miezi mitatu. Presha yake iligoma kuteremka, na daktari wa kampuni hakutaka mtu wa namna hiyo aning'inize vyuma hewani. Akapelekwa ghalani kupanga boliti. Leo anapimwa kwa mara ya mwisho. Namba ikigoma tena, harudi juu kamwe.

Habari za bakteria aliletewa na binti yake, fundi wa maabara. Alimweleza kuwa tumboni wamo mabilioni, na wakilishwa nyuzinyuzi hutoa vitu vinavyoingia kwenye damu na kugusa homoni, zile zinazoiambia mishipa ijikaze au ilegee. Alionya pia kwamba watafiti bado wanachunguza, na vidonge vyake vya presha asiache hata kimoja. Baba alisikia yote, ila lililomkaa moyoni ni kwamba ana wapangaji mabilioni na hajawahi kuwajali.

Basi akaanza kuwapikia. Maharage asubuhi, dengu mchana, shayiri jioni. Akimaliza, hushika kitambi na kuwauliza kama wameshiba. Mkewe akataka kujua kama naye ahamie humo tumboni, maana miaka thelathini hajaulizwa swali hilo.

Asubuhi ya kipimo aliwaongezea bakuli la pili la maharage, wapate nguvu.

Hapo ndipo alipoharibu. Mkanda wa presha ulipomkaza mkono, wapangaji wakaanza sherehe, na upepo ukashuka kutafuta mlango. Nesi alikuwa binti nadhifu, na dirisha limefungwa. Mzee akabana. Akabana mpaka masikio yakawaka moto. Mashine ikatoa namba ya kutisha.

Nesi akaitazama namba, kisha akamtazama yeye.

"Baba, unabana nini?"

"Heshima yangu, mwanangu."

Nesi alifungua dirisha, akasema anakwenda kutafuta faili, na faili lenyewe huwa halionekani kabla ya dakika tano. Mlango ulipofungwa tu, mzee akaiachia heshima iende zake, kwa awamu tatu.

Nesi alirudi akifuta machozi. Ukuta ulikuwa mwembamba. Akamwegemeza kitini, akamwambia anyamaze, akampima mara mbili. Mara zote mbili namba ilikuwa nzuri, akagonga muhuri.

Ni vidonge au ni maharage? Binti yake alisema hawezi kuapa. Baba hakubishana. Kesho yake alipanda ngazi za winchi akicheka peke yake, na wenzake wakangoja kwa adabu mpaka afike juu kabisa, ndipo wakasogea karibu na ngazi.