Ndege Niliyoirusha Saa Saba

Kazi yangu ni kuhariri picha za taarifa ya habari. Msomaji akisema mto umefurika, mimi ndiye ninayetafuta maji ya kuonyesha. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kurusha picha ya uongo, na jambo hilo nilikuwa nikiwaambia wageni wa ofisini hata bila kuulizwa.

Siku hiyo, saa sita kasoro robo mchana, jeshi lilitoa mistari mitatu tu: ndege ya kivita imeanguka karibu na mpaka, rubani anatafutwa. Picha hakuna. Mhariri mkuu alisimama mlangoni akauliza saa saba tutaonyesha nini. Kwenye simu yangu nikakuta video iliyokuwa ikizunguka tangu asubuhi, ndege ya Kichina kama zile za jeshi letu ikikata kona juu ya milima. Kombora likaifuata, bawa likakatika, ikashuka moja kwa moja. Hakuna aliyeruka. Mhariri mkuu aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Sikuwa nimempigia simu hata mtu mmoja.

Taarifa haijaisha, mume wangu akapiga. Ni mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye kipara, na jioni zake huishia kwenye mchezo wa vita wa kompyuta. Miaka yote nimekuwa nikimtania kwamba nimeolewa na jemadari wa sebuleni.

"Hiyo ndege ni ya kwenye mchezo," alisema. "Ni ile iliyoboreshwa, wameiingiza wiki iliyopita. Angalia karibu na pua, ina mrija wa kujazia mafuta angani. Zetu ni za zamani, hazina."

Nikairudisha video nyuma. Mrija ulikuwepo. Kona ya chini ilikuwa imekatwa, lakini ukikaza macho uliona vichwa vya tarakimu za kijani, hesabu ya risasi zilizobaki. Jana yake tu nilikuwa nimepita nyuma ya kiti chake na kikapu cha nguo za kufua, ndege hiyohiyo ikiwa kwenye skrini, nikamwambia apunguze sauti.

Nilipomwambia mhariri mkuu kwamba video si yenyewe, alitaka kwanza azungumze na wakubwa, na wakubwa walikuwa kikaoni. Tulisahihisha saa kumi na mbili jioni. Msomaji aliomba radhi kwa hitilafu ya mitambo. Maneno hayo niliyaandika mimi, na mhariri mkuu nilimwambia mitambo ndiyo iliyochanganya video. Kufikia hapo rubani alikuwa ameshapatikana hai, mguu umevunjika, parachuti lake limenasa mtini. Nikashusha pumzi, nikajiambia yamekwisha.

Wiki ya tatu nilikwenda kwa fundi wangu wa nguo kujaribu gauni. Ni mama mpole, mwenye mazoea ya kuongea huku amebana pini midomoni. Mkwe wake, mke wa mwanawe, hukaa kwenye mashine ya pili, na wawili hao walikuwa wakicheka siku nzima. Safari hii mashine ya pili ilikuwa imefunikwa. Fundi alipiga magoti kunipimia pindo, nami kwa kuchangamsha mazungumzo nikauliza mkwe yuko wapi.

Akanieleza taratibu, bila kuinua uso. Yule rubani ni mwanawe, aliyekuwa akirusha ndege huko huko mpakani. Mwaka jana alitaka kuacha jeshi, mkewe akamsihi avumilie mpaka nyumba yao iishe. Siku ya ajali fundi na mkwe wake walikuwa hapo dukani, televisheni imewashwa. Bawa lilipokatika, fundi alimgeukia mkwe wake mbele ya wateja akamwambia amemuua mwanawe kwa ajili ya mabati. Akamtupia mkoba wake nje. Simu ya hospitali ilipoingia jioni, yule binti alikuwa ameshapanda basi kwenda kwao.

"Nilimwona mwanangu anakufa kwa macho yangu," alisema. "Wale wa televisheni wakasema ni mitambo. Sasa mtambo utaulaumu vipi?"

Alikuwa bado amepiga magoti miguuni pangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mama, haikuwa mitambo," nikasema. "Ni mimi niliyeichagua ile video. Ilikuwa ya mchezo wa kompyuta."

Alichomoa pini mdomoni moja baada ya nyingine.

"Mchezo wa watoto?"

"Hata watu wazima wanaucheza."

Alimalizia pindo, akasimama kwa shida, na nilipotaka kumshika mkono aliushika ukingo wa meza.

Jumamosi nilipanda basi hadi kwa wazazi wa yule mkwe. Mkwe alinisikiliza mlangoni, hakunifukuza wala hakunikaribisha ndani. Nilimwambia kila kitu, hata kwamba niliulizwa nikasema nina uhakika.

"Asante kwa kuja, dada," alisema nilipomaliza. "Video ilikuwa yako. Lakini maneno yalikuwa ya mama mkwe, na aliyatoa haraka sana. Yalikuwa tayari."

Nilimfikishia fundi jibu hilo kama lilivyo. Jumatatu iliyofuata nilimweleza mhariri mkuu kwamba habari ya mitambo niliitunga mimi, akaniondoa kwenye taarifa ya habari, na nilistahili. Fundi yeye hakunikaripia. Alilikunja gauni langu vizuri, akalifunga kwenye karatasi, akaniomba nitafute fundi mwingine. Alisema kwa upole uleule wa siku zote, nami nikalichukua gauni nikatoka.