Vilima Visivyo na Watu

Maji yalikuwa meusi kwenye kioo cha kompyuta, na vilima vyetu vilikuwa madoa meupe juu yake. Kidole cha kaka yangu Mwangelwa kilisimama kwenye doa moja, akanikonyeza.

"Kwa mama hapo."

Nilisogea karibu kwa furaha. Nilizaliwa juu ya doa lile. Udongo wake ulibebwa na mababu zetu kwa vikapu hadi ukashinda mafuriko, na baba yetu amelala ndani yake.

Tulikuwa Mongu, ukingoni mwa uwanda wa Zambezi, vijana wachache tuliochaguliwa kufundishwa kusoma picha za setilaiti. Mwalimu wetu, Bwana Adjei, alitoka Ghana, na sitaki kumsingizia: alifundisha vizuri, na hakumcheka mtu. Alitueleza jinsi rada inavyopenya mawingu na kuona maji yamefika wapi. Wiki ile nilitembea kwa madaha kama bibi harusi. Mafuriko yametusukuma huku na huko tangu enzi, na sasa sisi ndio tuliokuwa tukiyatazama kutoka juu.

Ilikuwa Machi. Kwetu mtoto mdogo anajua maana yake: ngoma za mfalme wetu, Litunga, zimeshalia, naye ameshapanda mashua yake kuja nchi kavu, na sisi sote tumemfuata na kuku, magodoro na masufuria. Maji yakishuka, tunarudi vilimani. Ndivyo tunavyoishi, na hakuna anayemweleza mwenzake.

"Picha inanionyesha vilima tu," Bwana Adjei alisema. "Haijui nani anaishi wapi. Ninyi wenyeji nijazieni. Hiki kina watu?"

"Hakina," alijibu Mwangelwa, ambaye alikuwa hodari kuliko sote.

"Na hiki?"

"Nacho hakina. Mwalimu, saa hizi nani akae huko, kambale?"

Darasa zima lilicheka. Bwana Adjei naye alicheka, kisha akaandika.

Kaka yangu hakudanganya. Wiki chache kabla yake alikuwa amempakia mama mtumbwini kwa mikono yake, akafunga mlango wa nyumba kwa waya. Aliulizwa kama kuna watu, akasema hakuna, na kweli hawakuwapo. Hakuna aliyeongeza kwamba watarudi. Nani humwambia mgeni kwamba mtu aliyekwenda sokoni bado ana kwake? Siku ya kufunga mafunzo ramani ya Mwangelwa ilibandikwa ukutani na kupigiwa makofi, na haukupita muda akapata kazi Lusaka.

Mwaka uliofuata mama alirudi kilimani akakuta vigingi vyekundu mlangoni.

Kampuni ya mpunga ilikuwa imegawiwa upande ule wa uwanda. Tuliitwa mkutanoni. Mwangelwa alikuja kutoka Lusaka, akaketi nyuma kabisa. Ofisa wa kampuni alikunjua karatasi kubwa na kutuambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, kwamba ardhi ile haikuwa na watu.

Mama alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kumwamkia, kama anavyomwamkia kila mkubwa. Kisha akauliza, "Baba, nani kasema sikai kwangu?"

"Si mimi, mama. Ramani hii wameichora vijana wenu wenyewe."

Mama aligeuka kututazama sote. Mwangelwa aliinamia viatu vyake. Nilimsubiri asimame aseme neno moja tu, kwamba ile ilikuwa Machi. Baadaye aliniambia alikuwa anatafuta jinsi ya kuanza. Nilimchukia siku ile, na ingawa leo tunakula sahani moja, sijui kama nimemaliza.

Cheti changu kinasema tulijengewa uwezo. Siwezi kubisha. Uwezo ulijengwa, na trekta lilikuja kusawazisha kilima.

Mama hakuliona. Amezikwa huku nchi kavu mchangani, mbali na mumewe, jambo ambalo kwetu ni aibu ya watoto. Homa ya maji ndiyo iliyomchukua, na aliipata kwa kukaidi. Mafuriko ya mwisho kabla ya trekta, ngoma zilipolia, majirani wote walihama, yeye akagoma.

"Si mnasema hicho kitu kinapita juu kinatazama? Basi kipite kinikute."

Mwangelwa aliomba ruhusa kazini, tukaenda kumchukua. Maji yalikuwa yamekwisha kulimeza zizi. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, amevaa kitenge chake cha kanisani, miguu imevimba. Kando yake alikuwa amewasha moto mkubwa wa majani mabichi ili moshi uonekane.

"Mama, panda twende," nilimsihi. "Utaugua."

 Mama alimtazama Mwangelwa, msomi wake.

"Kimepita?"

"Kimepita juzi, mama."

"Kikaniona?"

Niliomba moyoni adanganye. Mara moja tu katika maisha yake, adanganye.

"Hapana, mama. Mtu ni mdogo mno. Hata ng'ombe hakimwoni."

Mama alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kuelewa, kama alivyokuwa akituuliza habari za shule zamani.

"Kumbe hakioni mtu," alisema. "Sasa, mwanangu, huko darasani mlijuaje kwamba sipo?"

Mwangelwa alienda mtumbwini. Alishusha mfuko wa unga na blanketi, akaviweka mahali pakavu kando ya mama. Kisha akarudi mtumbwini, akashika kafi, akanisubiri nipande.