Ukurasa Uliosema Asante

Kina mama mnaoandikisha watoto kwa simu, nisikieni. Ukurasa ukiwaambia "Asante, tumepokea", msilale. Nendeni mkaulize kwa mdomo.

Jirani yangu Yadira alimlea Keilyn peke yake, na mtoto akabeba jina moja la ukoo, Zelaya, la mama. Huku Olancho watu wana mawili, la baba na la mama. Mwenye moja, mtaa mzima unajua kisa chake. Moyo wa Keilyn ulikuwa na tundu. Madaktari wa ng'ambo huja kila mwaka zahanati ya watawa kupasua watoto kama hao, na safari hii uandikishaji ulihamia mtandaoni. Ukurasa aliutengeneza mwanangu, Selvin.

Siku ya kuita majina, Keilyn hakuitwa. Yadira akaingia jikoni kwangu amembeba, midomo ya mtoto imeiva zambarau.

"Selvin, ukurasa wako ulinishukuru! Nikakaangia mtaa mzima ndizi kwa furaha."

"Na chumvi uliyotia, tulikunywa maji mpaka asubuhi," nikasema, ili acheke. Hakucheka.

Selvin akafungua kompyuta pale pale, kando ya mikate ya tortilla. Akaandika jina lake mwenyewe, likaingia. Akaandika la Keilyn. Ukurasa ukashukuru, lakini ndani ya jedwali la zamani la watawa, ambamo majina yote huhifadhiwa, hamna kitu.

"Linamkataa, Mama. Linadai majina mawili ya ukoo. Yeye nafasi ya pili ni tupu."

"Makarani wa zamani walifanyaje? Watoto wa namna hii hawakuanza leo."

"Walipiga nukta. Nimeziona nyingi humo, nikadhani ni uchafu." Akashika kichwa. "Na ukurasa wangu hausubiri jedwali lijibu. Unashukuru kwanza."

"We mtoto! Nani hushukuru kabla hajapokea?"

"Nilijaribu kwa jina langu, na majina ya rafiki zangu. Sote tuna baba."

"Kwa hiyo ni watoto wetu sisi tu," Yadira akasema polepole.

Selvin akaweka nukta, jina likaingia. Akampakia Yadira na mtoto kwenye pikipiki, wakaenda mbio zahanati. Sista Benigna akawapokea mlangoni, akalitazama lile jina kwenye simu, akamshika Keilyn shavu.

"Nafasi zimejaa, binti yangu, na wameshaanza kupasua. Mwakani atakuwa wa kwanza."

Mwakani hakuuona. Tulimzika mvua za Oktoba zikinyesha, kaburi likijaa maji huku wanaume wakiyachota kwa ndoo.

Selvin aliurekebisha ukurasa. Sasa jina likikataliwa unasema wazi, kwa herufi nyekundu. Akawatafuta wengine waliokataliwa, nyumba kwa nyumba, akaomba radhi. Kwa Yadira alisimama nje ya lango, hakufunguliwa.

Mimi Yadira bado ananisalimia: "Umeamkaje, Doña Nohemí?" Selvin akitokea, yeye anaingia ndani. Mwanangu naye anakula kidogo, anasukuma sahani, na mimi mama yake naifunika.