Unga wa Tambiko la Mungaa

Hakuna mtu Mungaa aliyeijua mila kama Mzee Laurenti, na kama yupo, hakuwahi kupewa nafasi ya kuongea. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mila ya ukoo. Kila msiba na kila harusi aliwasema vijana kwa kuutupa mtama wa mababu na kukimbilia alizeti. Shamba lake mwenyewe lilikuwa alizeti tupu, ila hiyo, alieleza, ni biashara.

Mvua ilipogoma, ukoo ukakubaliana kutambika. Ulihitajika unga wa mtama mwekundu, ukorogwe kwa maji na kumwagwa kwenye kaburi la babu. Laurenti akajitolea kuuleta. Akapita nyumba hadi nyumba, kote akakuta sembe. Kwa shangazi yake Agripina hakufika, maana yeye alimwona kikongwe yule kabaki nyuma kimaendeleo.

Ikabidi apande bodaboda mpaka Singida Mjini, kwa Amri muuza nafaka. Akaambiwa mtama wa punje umekwisha. Umebaki uliosagwa, tena umechanganywa.

"Kuku wako wa nyama au wa mayai?" Amri akauliza.

Laurenti akafikiri kidogo. "Wa mayai."

Njiani akajifariji kwamba wafu hawana pua. Nyumbani akauhamishia kwenye kibuyu, akajitanda shuka jeusi, akaenda kaburini kwa mwendo wa kiaskofu.

Utaratibu wao ni kwamba shangazi wa ukoo huonja kwanza. Agripina akachovya kidole, akalamba, akanyamaza. Watu wakadhani anaomba.

"Laurenti," akasema, "babu yako alikuwa hali dagaa."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Agripina akajikongoja hadi kwake, akarudi na unga wa mtama alioulima nyuma ya nyumba. Tambiko likafanyika. Mwenyekiti akapewa kazi ya kufukuza mbuzi.

Siku ya tisa ikanyesha. Wengine walisema ni mababu, wengine wakasema redio ilishatangaza. Laurenti alikwenda kwa shangazi, akamwamkia shikamoo kwa sauti ndogo, akaomba mbegu. Akapewa, kwa sharti kwamba azipande mwenyewe, palepale, shangazi akimwangalia.

Mstari wa tatu kiuno kikakataa. Akaomba maji ya kunywa.

"Maliza kwanza," Agripina akamwambia.