Kifungo Kimoja

Fundi cherehani alikuwa na sheria moja kibandani kwake: uzi ukishaingia kwenye sindano, mdomo unafungwa. Ndivyo alivyofundishwa na fundi aliyemlea kikazi, na ndivyo alivyowafundisha vijana wanne waliopita mikononi mwake. Tazama, kisha fanya.

Kwa binti yake wa miaka tisa, sheria hiyo ilikuwa imegonga mwamba. Wateja walimwita Redio. Angekusomea gazeti la juzi mwanzo hadi mwisho, na matangazo ya vifo juu yake, bila kukwama. Lakini kamba za viatu zilimshinda, kijiko kilimponyoka, na daftari lake lilikuwa kama kuku kapita na matope. Alikuwa darasa la tatu, na bado akitoka chooni alikuwa akipotea njia ya kurudi darasani.

Jumatatu mwalimu wake alimwita fundi shuleni.

"Mtoto mwenye ulimi kama ule hawezi kushindwa kunakili ubao," alisema. "Ni jeuri tu, fundi. Tumrudishe darasa la kwanza, labda aibu itamnyoosha."

Fundi mwenyewe alikuwa amewaza hivyo hivyo siku nyingi. Akatia sahihi. Mtoto angehamishwa Alhamisi.

Jumatano mchana hakukuwa na wateja. Akamketisha binti yake, aliyekuwa ametoka shule, kwenye kigoda, akampa shati kuukuu, sindano na kifungo. Akamwonyesha, kimya. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Redio akakishona kifungo, na sketi yake mwenyewe humo humo.

"Unanichezea?"

"Hapana, baba."

Rula ya mbao ikatua vidoleni. Haikuwa kwa nguvu, alijiambia baadaye, lakini ilitua.

Mtoto hakulia. Alivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya jirani. "Baba, ukinyamaza mikono yako inakuwa mingi. Sijui niangalie upi. Sema."

"Niseme nini?"

"Unachofanya."

Miaka ishirini na sita fundi ameshona vifungo, hajawahi kusimulia hata kimoja. "Unapitisha hapa, halafu unavuta hivi."

"Hivi ndiyo wapi?"

Akafumba macho ili aone mikono yake ilikuwa inafanya nini. "Sindano iko chini ya kitambaa. Isukume juu, itokee kwenye tundu lililo karibu na kidole gumba chako. Sasa vuta mpaka fundo ligome."

Redio akayarudia maneno kwa sauti, na mkono ukayafuata nyuma, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba asiyoijua. Kwa muda ule fundi angekuwa ameshona suruali nzima. Kifungo kilikaa upande. Fundi akakivuta. Hakikutoka.

"Shuleni nani anakusemea hivi?"

"Hakuna. Nikijisemea mwenyewe, mwalimu anasema nasumbua wenzangu."

Alhamisi fundi aliwahi shuleni kabla ya kengele, shati mfukoni. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kusahihisha.

"Fundi, nina watoto sitini na watatu. Kila mmoja nimsimulie mkono wake?" Akakigeuza kile kifungo, akamrudishia shati. "Na sahihi ni yako. Mkuu ameshapitisha. Tutazame muhula ujao."

"Basi aachwe ajisemee. Kwa kunong'ona tu."

"Nitamwambia mwenzangu wa darasa la kwanza. Siahidi."

Kengele ilipokwisha kulia, fundi akapita kwenye dirisha la darasa la kwanza. Magoti ya binti yake hayakuingia chini ya dawati. Kitoto kimoja kilikuwa kikiwaonyesha wenzake kamba za viatu vya Redio zinazoburuta, nao wakicheka. Redio alikuwa ameinamia daftari, penseli ameikaba kwa ngumi nzima, na midomo ameifunga kabisa, kama ilivyokuwa sheria ya kibandani.